Kamishna Kutoka Nyumbani

Septemba 4, 1888

Leo Baraza la Mawaziri limekata shauri. Reli yetu itapata Kamishna mmoja mwenye mamlaka yote, ambaye hatasumbuliwa tena na kila mbunge anayetaka treni isimame mlangoni kwake. Jambo hili nimelipigania miaka kumi na moja. Nimeliandikia ripoti tatu, na ripoti zote tatu zilipata shukrani na kufungiwa kabatini.

Waziri wa Reli, Bw. Tully, aliniita saa nne. Nilivaa koti jipya. Letitia, mke wangu, alininyoosha kola mlangoni, maana na yeye alikuwa akifikiria nilichokuwa nafikiria mimi. Bw. Tully akanipa kiti, akanipa sigara, akaniambia kwamba Kamishna ataajiriwa kutoka Nyumbani, na kwa kuwa hakuna anayeijua reli hii kama mimi, mimi ndiye nitakayeandika barua ya kumtafuta.

Nyumbani. Hapa koloni kila mtu akisema Nyumbani anamaanisha Uingereza, hata aliyezaliwa nyuma ya zizi la kondoo la babu yake kama Bw. Tully. Mimi nilizaliwa mtaa wa tatu kutoka ofisini kwangu na hiyo Nyumbani sijawahi kuitia machoni.

Septemba 6

Nimeandika sifa za mtu anayetakiwa. Asizidi miaka hamsini. Awe na afya ya kustahimili joto. Awe amepanda ngazi zote za kazi, si mtoto wa mjomba wa mtu. Awe ameongoza reli kubwa ya huko. Nilipoisoma tena niliona nimejichora mwenyewe mpaka pua, isipokuwa mstari wa mwisho.

Barua imeondoka na meli ya leo kwenda kwa Wakala wetu wa London. Muhtasari wake umetangulia kwa telegramu.

Septemba 10

Nimeomba kazi hiyo. Sikumwambia mtu ila Letitia.

Oktoba 23

Telegramu ya Wakala imekuja na majina kumi na matatu. Bw. Tully ameniagiza nimwandalie orodha yenye maelezo mafupi ya kila mwombaji, pamoja na wale wa hapahapa koloni. Wa hapahapa ni mmoja.

Kwa hiyo nimekaa asubuhi nzima nikijieleza kwa maneno mafupi. "Edwin Garrod, miaka arobaini na minane, Meneja wa Usafirishaji. Alianza akiwa karani wa tiketi. Miaka ishirini na sita kazini." Nikaongeza "mwaminifu", nikalifuta, kisha nikalirudisha. Wale wengine kumi na watatu nimewaandika kwa haki kabisa. Hilo najivunia, ingawa huyu mmoja, Henshall, naibu meneja wa reli moja ya kaskazini kule, mkono ulikuwa mzito kuandika kwamba ana miaka arobaini na mitatu tu.

Oktoba 26

Bw. Tully alipofika kwenye jina langu alicheka, si kwa ubaya. Aliniwekea mkono begani. "Garrod, ndugu yangu, majirani zetu Melbourne wana mtu wao kutoka Nyumbani. Sydney wana wao. Sisi tukikuweka wewe, watasema tumetafuta tukakosa."

Nikamwambia kwamba treni hazijui mtu amezaliwa wapi. Akasema treni hazipigi kura.

Amechaguliwa Henshall. Telegramu ya kumwita nimeiandika mimi, na nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Oktoba 31

Amekubali. Mshahara wake ni mara tatu ya wangu.

Novemba 15

Nimeambiwa nimtafutie nyumba. Nimeona nne, zote nzuri kuliko yangu. Letitia ameombwa na mke wa Waziri achague mapazia, na siku tatu sasa hana habari nyingine ila mapazia. Nilimwuliza kama anamchagulia mfalme. Akasema anamchagulia mgeni, na kwamba nisimtolee yeye hasira za Bw. Tully. Kweli. Lakini kwetu yale ya kijani yana miaka tisa.

Novemba 30

Joto. Ngano ya bondeni imeanza kuwa njano. Hakuna zaidi.

Desemba 19

Meli imefika. Bendi, Meya, watoto wa shule, na jua la kukaanga yai. Henshall alishuka amevaa suti ya sufu nzito na kofia ndefu, uso mwekundu kama nyama mbichi. Nilifurahi, naandika ukweli. Nikasema moyoni, huyu hamalizi mwezi wa pili.

Alipofika kwangu alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema barua zangu ndizo zilizomfanya aje, kwa sababu zilionyesha kuna mtu huku anayeijua kazi. "Nitakutegemea kama macho yangu, Bw. Garrod," akasema.

Hakuna neno ambalo mtu angeweza kuniambia nikalichukia kuliko hilo. Mimi ni macho. Kichwa ni yeye.

Desemba 26

Jana alikula kwetu. Kondoo wa kuchoma na mkate mtamu wa Krismasi, madirisha yote wazi na nzi wamejaa. Alimsifu Letitia kwa mapazia ya nyumbani kwake. Letitia aliona haya kama msichana. Alipoondoka akasema, "Ana adabu, yule." Nikasema adabu hulipwa. Akaenda kuosha vyombo.

Januari 8, 1889

Anaingia ofisini saa kumi na mbili asubuhi. Mimi siku zote nimeingia saa moja, na ilikuwa sifa yangu.

Januari 14

Amepita karakana yote. Anawajua wafanyakazi kwa majina, na hata mwezi haujaisha. Alikunywa chai na wasafisha injini, akiwa amekaa juu ya ndoo.

Dan Coyle, dereva wetu mkongwe, ambaye tulianza naye kazi mwezi mmoja na ambaye ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, alinisimamisha uani akicheka, akiniita Ned, kifupi cha Edwin, kama zamani. "Ned, huyu wako ni mtu wa watu. Kaniuliza injini yangu inapenda makaa gani, kama mtu anauliza habari za mke."

Nikamwambia si wangu.

"Basi mbona umenuna, bwana mkubwa?" akasema. "Wamekuletea mtu wa kukupunguzia mzigo."

Dan nimempenda miaka ishirini na sita. Leo nilitamani ateleze kwenye mafuta.

Januari 22

Ngano imeanza kuingia stesheni. Magunia yamepangwa uwanjani kama ukuta, na wakulima wanapiga telegramu kutwa wakidai mabehewa. Henshall amehesabu kwamba tukiongeza urefu wa kila treni tutamaliza kabla ya mvua. Hesabu yake ni sahihi. Niliipitia mara mbili nikitafuta kosa.

Januari 29

Leo ndiyo siku ninayotaka kuiandika vizuri.

Henshall aliniita akiwa na mafaili ya miaka kumi na mitano mezani. Ameyasoma yote, mtu huyu. Alikuwa ameweka alama ya penseli nyekundu kila mahali ambapo treni ya mizigo ilikatwa vipande viwili chini ya mlima Tarrant na kupandishwa nusu nusu. Karibu zote ni za Februari na Machi, na sababu iliyoandikwa ni ileile: upungufu wa mvuke.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mvuke unapungua vipi miezi miwili tu ya mwaka, na mlima mmoja tu?"

Jibu nilikuwa nalo. Kila dereva analo, kila mkuu wa stesheni analo. Ni nzige. Wakishuka bondeni wanalala juu ya reli kwa maili nzima, magurudumu yanawasaga, na reli inakuwa kama imepakwa sabuni. Injini inazunguka palepale. Hapo dereva haombi ruhusa kwa mtu; anaikata treni, anamwaga mchanga, anapanda na nusu, kisha anarudi kuchukua nusu nyingine.

Na kwa nini haikuandikwa hivyo? Kwa sababu mwaka wa sabini na moja Dan aliandika "nzige" kwenye ripoti yake, na mkuu wetu wa wakati ule, mwanajeshi mstaafu, aliisoma kwenye karamu watu wakacheka mpaka machozi, kisha akamtoza Dan faini kwa kufanyia kazi mzaha. Mimi nilikuwa karani. Nikawaambia madereva, andikeni upungufu wa mvuke, hilo atalielewa. Wameandika hivyo miaka kumi na minane. Haimo katika kitabu chochote cha kanuni. Imo vichwani mwetu tu, na mwandishi wake ni mimi.

Henshall alikuwa akinitazama akingoja, penseli mkononi.

Nikasema, "Makaa, bwana. Makaa ya miezi hiyo si mazuri. Na madereva wetu wana desturi zao."

Akaandika. Akanishukuru.

Sikupanga. Yalitoka yenyewe. Nilikuwa nimewaza tu kwamba mwaka huu kuna jambo moja ambalo yeye hatalijua, na kwamba atakwama chini ya Tarrant na treni zake ndefu siku mbili tatu, Bw. Tully ahangaike, kisha waje kuniuliza mimi. Basi.

Februari 4

Waraka umetoka. Makaa bora yapelekwe Tarrant. Kuanzia leo hakuna treni kukatwa bila idhini ya maandishi kutoka makao makuu. Amesaini yeye, na chini yake, kama ilivyo kwa nyaraka zote za usafirishaji, nimesaini mimi.

Februari 9

Treni ndefu zinapita bila shida. Gazeti limemsifu. "Hivi ndivyo inavyokuwa koloni likiajiri mtu wa kweli." Letitia alinisomea huku akimimina chai, kisha akakunja gazeti aliponiona uso.

Februari 13

Hakuna nzige. Natazama anga kama mkulima.

Februari 17

Mkuu wa stesheni ya Tarrant Chini amepiga telegramu: tunutu, watoto wa nzige, wameonekana mashariki ya njia, hawajaota mabawa. Telegramu ilikuja mezani kwangu. Nimeiweka chini ya jiwe la kukandamizia karatasi. Nitamwambia Henshall kesho.

Februari 18

Alikuwa na wageni.

Februari 19

Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa akicheka na Bw. Tully, na Tully alikuwa akimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi miaka yote hii ameniita Garrod. Nikarudi.

Februari 21

Amos Pridham amekufa.

Naandika kwa mpangilio kwa sababu kichwa hakina mpangilio. Saa tano asubuhi treni ya Dan, mabehewa thelathini na moja ya ngano, ilitoka Tarrant Chini. Nzige walikuwa wameshatua mlimani. Alifika zaidi ya nusu. Magurudumu yakaanza kuzunguka bure, mchanga ukaisha, treni ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Dan alifunga breki zote za injini, na injini ikateleza imefungwa hivyohivyo. Amos, gadi wa treni, mshika breki ya nyuma, alikuwa behewa la mwisho kabisa. Walimwona akizungusha gurudumu la breki ya mkono. Angeweza kuruka, waliomwona wanasema alikuwa na nafasi mara mbili. Hakuruka. Treni iliingia stesheni kinyumenyume ikagonga mabehewa matupu yaliyokuwa yamesimama, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Dan amevunjika mkono. Mtia makaa wake ni mzima.

Nilienda na treni ya msaada pamoja na Henshall. Njiani aliniuliza mara moja tu kama nimewahi kusikia kitu kama hiki. Nikatikisa kichwa.

Ngano ilikuwa imemwagika kila mahali na nzige walikuwa wakiila.

Februari 22

Nilikwenda hospitali kumwona Dan. Amelala uso ukielekea ukutani.

"Niliwaona wale wadudu tangu maili ya nne," akasema. "Pale stesheni mkono ulikuwa kwenye mnyororo wa mabehewa niikate treni. Nikakumbuka waraka. Nikaona saini yako, Ned. Nikasema, Ned anajua. Kama Ned kasaini, basi kuna kitu wamepanga huko juu, labda kuna injini ya pili."

Nikamwambia apumzike.

"Kulikuwa na injini ya pili?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

Februari 24

Maziko ya Amos. Henshall alikuwa kwa mjane kabla yangu, kabla ya kasisi. Alilia mbele ya watu wote, bila kificho, akimshika mama yule mikono, akisema waraka ulikuwa wake na hatia ni yake. Wanawake walilia pamoja naye.

Niliona wivu. Sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe. Nilimwonea wivu hata hatia yake, kwa sababu ilikuwa safi na aliweza kuibeba mchana kweupe. Yangu nilikuwa nimeikalia.

Machi 2

Hakuna usingizi. Letitia ameuliza mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia yote, tangu makaa mpaka tunutu. Aliinuka, akaenda akasimama dirishani kwenye mapazia yetu ya kijani.

"Wewe nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Miezi sita nakuonea huruma."

Tangu hapo ananihudumia chakula kama mgeni.

Machi 12

Baraza la uchunguzi limeanza, ukumbi wa mahakama. Wajumbe watatu mezani, Henshall akiwa pembeni yao, Bw. Tully mstari wa mbele.

Dan aliitwa mchana, mkono shingoni. Wakamwuliza kwa nini treni ilisimama. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, kisha akawageukia.

"Upungufu wa mvuke," akasema.

Mwenyekiti akauliza kama ni uzembe wake. Dan akasema anadhani ni wake. Hakutaja wadudu hata mara moja. Miaka kumi na minane nimemfundisha kutowataja, na leo amenilinda kwa maneno niliyompa mwenyewe. Wakaandika. Dereva mzembe, gadi amekufa. Mtu hufungwa kwa hilo.

Nje kwenye ngazi Bw. Tully alinivuta kando. Alisema mambo yanakwenda vizuri, hakuna haja ya Melbourne kutucheka. Kisha akashusha sauti: Henshall amevunjika moyo, amezungumzia kuvunja mkataba na kurudi. "Baraza la Mawaziri halitatafuta tena mtu London mara ya pili mwaka mmoja. Kiti kitakuwa wazi, Garrod. Wewe tulia tu."

Amenipa kiti. Nilichokitaka tangu Septemba, tangu miaka kumi na moja iliyopita, amenipa kwenye ngazi za mahakama kama mtu anayempa mwingine kiberiti. Nilichotakiwa kufanya ni kutulia, na kutulia nimeonyesha kwamba najua.

Machi 13

Nilivaa lile koti. Niliomba kusema kabla hawajaniita.

Nikawaambia nzige. Nikawaambia mwaka wa sabini na moja, na nani aliyewafundisha madereva kuandika uongo. Nikawaambia Coyle alikuwa na mvuke wa kutosha kupanda milima miwili. Kulikuwa na kicheko kidogo nyuma nilipotaja wadudu, kilekile cha karamu ile, kikafa chenyewe. Bw. Tully alikuwa akitazama kofia yake. Nikatoa telegramu ya tarehe kumi na saba nikaiweka mezani.

Henshall aliomba ruhusa ya mwenyekiti aulize swali moja.

"Siku nilipokuuliza, ukaniambia makaa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Nikasema, "Kiti ulichokalia nilikitaka mimi."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Hakupandisha sauti, hakunitukana, hata hakunitazama tena. Angenitukana ningeshukuru.

Dan alitoka ukumbini kwa mlango mwingine.

Machi 20

Coyle hana hatia. Mimi Waziri alitaka nifukuzwe siku hiyohiyo, na ilikuwa haki yake. Henshall ndiye aliyekataa. Nimepelekwa kuwa mkuu wa stesheni Tarrant Chini, kwa mshahara wa daraja hilo. Yeye amebaki. Mkataba hauvunjwi tena.

Aliniita kunipa barua ya uhamisho. Hakunipa kiti. Alisukuma karatasi tupu mbele yangu akasema niandike kanuni ya nzige: lini dereva akate treni, mchanga kiasi gani, nani ajulishwe. "Iandike kama unamwandikia mtu aliyeshuka melini jana," akasema.

Niliiandika nikiwa nimesimama. Ilinichukua dakika ishirini.

Aprili 3

Tumehamia. Nyumba ina vyumba viwili. Letitia amekuja nami. Sikuwa na hakika angekuja. Mapazia ameyaacha.

Aprili 11

Kanuni imefika ikiwa imechapwa, nibandike ukutani ofisini. Ni maneno yangu. Nimeyalinganisha na kumbukumbu yangu mstari kwa mstari, hajabadilisha hata nukta. Chini yake imeandikwa: Kwa amri ya A. Henshall, Kamishna wa Reli. Madereva tayari wanaiita Kanuni ya Henshall.

Aprili 17

Kundi la mwisho la nzige limepita leo asubuhi, kabla mvua haijaanza. Treni ya ngano ilisimama hapa, Dan kwenye injini, mkono umepona. Aliikata kama ilivyoelekezwa, akapandisha nusu, akarudi kuchukua nusu. Huwa haniamkii. Mtia makaa wake mpya aliingia ofisini kunywa maji, akasimama mbele ya ukuta akaisoma kanuni yote kwa sauti, polepole, kidole kikifuata.

"Huyu Mwingereza ni mtu na nusu," akasema. "Hajamaliza mwaka, na anaijua Tarrant kama kazaliwa hapa. Sivyo, mzee?"

Wivu ulinipanda. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kupitia dirishani nilimwona Dan ameinama nje ya injini, anasikia kila kitu, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Nikasema ndiyo, anaijua vizuri sana. Kisha nikatoka na bendera kuwapa njia.